Kabla hujanunua pikipiki, muulize fundi: safari ya injini ndogo kutoka Japani mpaka vijiwe vya Dar

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza anunue Boxer au TVS, zile pikipiki za Kihindi, na kila wiki majibu ni yaleyale. Huyu anaponda pikipiki za Mchina, yule anaapa kwamba baada ya Honda hakuna pikipiki nyingine. Nimekuwa nasoma kimya. Leo naandika kwa sababu kuna kijana wa kijiweni kwetu Mbezi amenunua pikipiki iliyotumika, pesa aliyoidunduliza mwaka na nusu kwa kubeba zege. Imetembea siku tisa, ikaanza kutoa moshi wa bluu. Leo ni siku ya nne iko gereji, inahitaji pistoni, na kila duka la Kariakoo alilokwenda akitaja jina la hiyo pikipiki wanamwambia hawaijui. Imeniuma sana.

Mimi nimeendesha boda tangu 2011, kijiwe cha kwanza kilikuwa Kimara Mwisho. Nilianza kama deiwaka, kibarua wa siku, nikaja nikapewa pikipiki ya hesabu, yaani kila siku unampelekea mwenye pikipiki pesa mliyokubaliana, nikaingia mkataba wa kuilipia mpaka iwe yangu, nikamaliza. Sasa ninazo mbili, moja naendesha mwenyewe, nyingine nimempa kijana. Kwa miaka yote hiyo nimeshawishika na jambo moja: pikipiki iliyoshika Dar haikuishika kwa bei peke yake. Kuna watu, kabla wengi wetu hatujazaliwa, walikaa wakamfikiria mtu atakayeiendesha bila kubadilisha oili kwa wakati, na fundi atakayeifungua chini ya mwembe akiwa na spana nne. Nataka nieleze walivyofikiri, maana ukijua hilo hata namna yako ya kununua inabadilika. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Nianzie mbali. Baba yangu mdogo alikuwa bwana afya Muheza, akawa na Honda 90 ya idara. Enzi hizo tuliita tukutuku, na watoto tuliujua mlio wake akiwa bado nyuma ya kilima. Ile Honda haikuwa na klachi ya mkononi. Unakanyaga gia kwa mguu, basi, mkono wa kushoto uko huru. Nikiwa mdogo niliamini wameitengeneza hivyo ili baba mdogo aweze kushika lile boksi lake la chanjo. Nilipokuja kusoma habari zake ukubwani niligundua sikuwa mbali na ukweli.

Ukoo wa pikipiki ile unaanzia Agosti 1958, Honda walipotoa Super Cub C100 ya cc 50. Kampuni ilikuwa na watu wawili wa juu: Soichiro Honda, mtu wa mashine, na Takeo Fujisawa, mtu wa biashara. Mwishoni mwa 1956 walisafiri pamoja kwenda Ulaya, na Fujisawa akawa anaviangalia vipikipiki vya kule huku akili iko kwa wateja wa nyumbani. Japani ya wakati ule barabara nyingi zilikuwa za vumbi na mawe. Wateja aliowafikiria ni wenye maduka madogo, kina mama waliovaa sketi, na vijana wanaopeleka tambi za soba majumbani, sinia limebebwa kwa mkono mmoja. Akataka chombo ambacho yule kijana wa soba ataweza kukiendesha kwa mkono uliobaki.

Kila kitu kwenye ile pikipiki kilitokana na picha hiyo. Klachi ikawa inashika na kuachia yenyewe kwa mzunguko wa injini. Fremu ikapindwa chini katikati ili mama aingie bila kurusha mguu. Mbele ya miguu wakaweka ngao ya plastiki, tope lisimfikie mwendeshaji. Ringi zikawa za inchi 17, zipite kwenye mashimo. Na wakati vipikipiki vingi vidogo duniani vilikuwa vya kuchanganya oili na petroli, vinatoa moshi na kuziba plagi, wao wakatumia injini ya mapigo manne, oili inakaa kwake na petroli kwake. Farasi 4.5 tu, lakini za kutegemewa.

Fujisawa akasema watauza 30,000 kwa mwezi. Soko lote la pikipiki Japani, kampuni zote kwa pamoja, lilikuwa kama 40,000 kwa mwezi. Ila walijenga kiwanda kizima Suzuka, kikafunguliwa 1960, kwa ajili ya hesabu hiyo. Oktoba 2017 Super Cub na ndugu zake zilifika milioni 100. Hakuna chombo cha moto, gari wala pikipiki, kilichowahi kutengenezwa kwa wingi huo.

Kuna kipande cha historia hiyo ambacho mimi nakipenda kuliko hizo milioni. Mwanzoni klachi zilikuwa zinateleza, wateja wakaanza kulalamika. Wauzaji na wafanyakazi wa kiwandani wakaacha mapumziko yao wakawafuata wateja mmoja mmoja nyumbani, wakazitengeneza. Wakuu, hapo ndipo pikipiki inapopata jina.

Sasa tuje kwenye injini inayotuhusu zaidi sisi wa Dar.

Super Cub ilikuwa nzuri, lakini watu wa nchi zetu walitaka kitu chenye siti ndefu, cha kubeba watu na gunia. Honda walikuwa nazo za cc 125 za namna hiyo, nzuri kwa Japani. Huko kwingine zilikuwa zinakufa mapema. Wakatuma wahandisi waende kwenye nchi zinazoendelea wakaone kwa macho. Walichokuta nyote mnakijua: abiria watatu na mzigo juu, oili haijamwagwa tangu inunuliwe, cheni imekauka vumbi limejaa, na taimingi cheni (cheni ndogo ndani ya injini, inayozungusha kemshafti, shafti ya kufungua valvu) imelegea mpaka inagonga, kwa kuwa hakuna anayeikaza.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Kuandika kitabu cha maelekezo na kumlaumu mtumiaji, au kukubali kwamba mtumiaji ndivyo alivyo na kubadilisha injini. Wakabadilisha injini. CG125 ilitoka 1976, na ndani yake hakuna taimingi cheni kabisa. Kemshafti imewekwa chini, jirani na kranki, inazungushwa na gia, halafu vijiti viwili vya chuma, pushirodi, vinapanda juu kusukuma roka zinazofungua valvu. Muundo huo ulikuwa wa kizamani hata kwa mwaka huo. Waliurudia makusudi, kwa sababu kitu ambacho hakipo hakilegei. Cheni ya nje wakaifunika kwa kava zima, juu na chini, vumbi lisiingie. Chujio la oili la karatasi la kubadilisha hawakuweka. Kuna wavu na kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni, kwa hiyo hakuna kifaa cha kununua, kuna kusafisha tu. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5. Ikumbukeni hiyo namba.

Brazil waliipokea mwaka huohuo, kiwanda cha Honda kilipofunguliwa Manaus, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Baadaye walikuwa na CG ya kutumia pombe ya miwa badala ya petroli. Pakistani hadi leo inatengenezwa na watu wanaipenda kama mali ya ukoo.

Uzuri wake mimi sikuusoma kitabuni. Mwaka 2013 nilikuwa na SanLG ya bosi, pikipiki ya Kichina yenye injini ya muundo wa CG. Siku moja kwenye mlima wa Kimara Baruti ikaanza kugonga kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, nguvu ikapotea. Nikaisukuma mpaka kwa fundi mmoja mzee. Nilikuwa natetemeka, nawaza hesabu ya siku na maneno ya bosi. Mzee akatandika boksi la jokofu chini, akafungua kava la hedi, akachomoa vile vijiti viwili. Vyembamba, urefu kama kalamu ya wino. Akavifuta kwa tambara, akachukua kipande cha kioo, akavibiringisha juu yake kimoja kimoja kwa kidole. Cha kwanza kikaenda kimya. Cha pili kikawa kinadunda.

Akaniambia, "Unamsikia, mwanangu? Huyu amepinda."

Nikamuuliza, "Sasa mzee, injini yote ishushwe?"

"Ishushwe kwa lipi?"

Akaenda kwenye kopo la maziwa ya unga alilokuwa amejaza pushirodi za zamani, akachagua, akaibiringisha kwenye kioo, ikaenda kimya. Akaifunga. Halafu akaseti tapeti, ule mwanya wa valvu, kwa kutumia wembe. Anauingiza kati ya roka na valvu, anakaza nati huku anauvuta taratibu, ukianza kushikwashikwa anaacha. Nilikuja kujua kwamba wembe wa kawaida una unene wa kama milimita 0.1, na kipimo cha Honda kwenye CG ni 0.08. Mzee hakuwahi kukiona kile kitabu. Saa moja na nusu baadaye nilikuwa kijiweni, na hesabu ya bosi siku hiyo ilitimia.

Wahandisi waliochora injini ile walikuwa wanamchorea mzee yule. Naamini hivyo kabisa.

Naendelea, nilikuwa nimepata abiria wa Goba.

Swali la kawaida ni hili: kama ni kazi ya Honda, mbona Dar tulijaziwa Wachina? Jibu liko Chongqing. Huko China, kampuni kama Jialing zilishirikiana na Honda tangu miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mji ule ukawa umejaa viwanda vya pikipiki: Lifan, Zongshen, Loncin na vingine vingi. Injini ya CG ilikuwa rahisi kuiga. Kila kiwanda kikaitoa kwa jina lake. Na wengi wao hawakutengeneza kila kitu wenyewe. Huyu anatoa pistoni, yule anatoa gia, mwingine kabureta, halafu kiwanda kinaunganisha. Ili vipande vya watu ishirini viingiliane, ilibidi vipimo viwe vilevile, na vipimo hivyo vikawa vya CG.

Chuma kilipungua ubora, hilo halina ubishi. Nimeona gia iliyoisha kama kipande cha muwa ndani ya mwaka. Ila kule kufanana kwa vipimo ndiko kulikotufaa. Pistoni ya SanLG inaingia kwenye T-Better, klachi ya Fekon inakaa kwenye Kinglion. Muuza spea wa Gerezani akawa ana sanduku moja linalohudumia majina kumi. Pikipiki ikashuka bei hadi mtu mwenye biashara ya mkaa au mwalimu akaweza kununua moja na kumpa kijana alete hesabu. Arusha majina hayo yaliwaingia mpaka wakaita boda zote toyo.

Vijana wa sasa labda hamkumbuki, lakini kabla ya hapo kubeba watu kwa magurudumu mawili ilikuwa kazi ya baiskeli. Neno lenyewe bodaboda lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa wale waliokuwa wanawavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Shinyanga baiskeli za abiria waliziita daladala. Kilichobadilika ni kwamba injini ya bei nafuu ilikuta jiji lililokuwa linapasuka.

Maana tazameni Dar yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hao walioongezeka hawakujenga Upanga, katikati ya jiji. Wamejenga Msumi, Makabe, Chanika, Bunju, Chamazi, Kigamboni ndani ndani huko. Watu walinunua viwanja kwanza, barabara ikafuata baadaye au haijafuata bado. Daladala inaishia kwenye lami. Kutoka kwenye lami mpaka kwenye geti la mtu kuna kilomita tatu za mchanga, korongo na mlima wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata gari la juu linateleza. Pale anahitajika mtu mwenye chombo chepesi, kinachoweza kupita kwenye ubao uliowekwa juu ya mtaro. Mwendokasi walipoanza Mei 2016 kutoka Kimara mpaka mjini, kuna waliosema boda zitakufa. Kwetu Kimara kazi iliongezeka, kwa sababu yule anayeshuka kituoni bado ana Bonyokwa mbele yake.

Serikali nayo ililiona. Kanuni za kuzipa leseni ya kusafirisha abiria zilikuja 2010 chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri, siku hizi ni LATRA. Kuingia katikati ya jiji tulipigwa marufuku, na wengi tuliumia mwanzoni. Nikisema ukweli wangu, abiria wa boda hasa hakuwahi kuwa Posta. Yuko Mbezi saa mbili usiku, ana mfuko wa unga na mtoto amelala begani.

Sasa Boxer na TVS, maana ndizo mlizotaka nizizungumzie.

Bajaj ya India ilifanya kazi na Kawasaki ya Japani kuanzia miaka ya 1980, na Boxer ilizaliwa katika ushirikiano huo. Kwao India ilishaondolewa sokoni, mwaka 2004 nafasi yake ikachukuliwa na CT100. Waliona kwamba Afrika bado inaitaka, wakaendelea kuileta na kuiboresha kwa ajili yetu: siti ndefu, keria ya chuma, shokapu za kubeba. TVS, wenye kiwanda Hosur kusini mwa India, walitoa HLX mwaka 2013, na hiyo ilichorwa tangu mwanzo kwa kazi ya Afrika.

Hapa lazima nikiri jambo linalopingana na niliyosema juu. Hizi mbili zina taimingi cheni. Kemshafti iko juu, kitu ambacho wahandisi wa CG walikikimbia. Mbona hazikufa? Kwa ninavyoona mimi, chuma na oili vya leo si vya 1976, na cheni zenyewe zinakazwa na kifaa cha ndani bila mtu kukumbuka. Lakini kikubwa zaidi, mafundi wetu walishakomaa mikononi mwa Mchina. Boxer ilipoingia ilikuta jiji lenye vijana maelfu wanaojua kuseti tapeti wakiwa wamefumba macho. Wakaifungua, wakaielewa. Na spea zake zikasambaa hadi kwenye vibanda vya Mbagala Rangi Tatu na Gongo la Mboto. Boxer inakula petroli kidogo, injini haina kelele, na ukiiuza baada ya miaka mitatu bado ina bei. Mchina ukimuuza baada ya miaka mitatu unamuuza kwa kilo.

Mkuu aliyeuliza hapo juu kama mimi ni mtu wa Boxer au TVS: ninayo moja ya kila upande. Boxer yangu naipenda kwenye mlima, TVS naipenda kwa ulaji wa mafuta. Nyumbani kwangu kutoka kwa fundi wa Boxer ni dakika tano na kwa fundi wa TVS ni dakika tano. Ingekuwa mmoja yuko mbali, ningekuwa nazo mbili za aina moja.

Kuna kijana ameuliza cc 125 au 150. Mdogo wangu, kwanza angalia leseni. Daraja A1 linaishia cc 125. Ukipanda 150 unatakiwa uwe na A, na trafiki anajua kusoma kadi. Pili, kama njia zako ni tambarare, tuseme Tegeta au Kigamboni, 125 inatosha na mafuta utayaona. Kama ni Goba na Makabe na unabeba mizigo, chukua 150, kwani ndogo ukiipandisha mlima kila siku kwa gia ya kwanza unaichosha.

Habari ya spea feki, ndugu uliyelalamika, nakuelewa kabisa. 2017 nilinunua ringi za pistoni kwenye duka moja Kariakoo, duka sitalitaja. Boksi zuri, kibandiko kinameta, bei nusu. Fundi alizifunga Jumamosi. Jumanne nikiwa Kibamba na mama mmoja aliyekuwa anawahi kliniki, injini ikashika ghafla, tairi la nyuma likajifunga. Ashukuriwe Mungu nilikuwa kwenye spidi ndogo, nikakamata klachi, tukayumba mpaka pembeni. Yule mama hakunisema hata neno moja. Alikaa kwenye jiwe ameshika tumbo lake, anahema. Nikamsimamishia boda mwingine nikamlipia mimi. Tangu siku ile ringi zangu lazima fundi azishike kabla sijalipa. Anaziingiza ndani ya silinda, anatazama mwanya pale ncha mbili zinapokutana, anazipinda kidogo aone kama zinarudi. Ukiwa mgeni wa mambo haya, mlipe fundi nauli mwende naye dukani.

Na oili. Kwa injini za ukoo wa CG zisizo na chujio la karatasi, oili ndiyo chujio. Mimi namwaga kila kilomita 1,000, nikichelewa sana 1,500. Boda anayepiga kazi kweli anatembea kilomita mia kwa siku, kwa hiyo ni kila baada ya siku kumi hadi wiki mbili. Najua ni pesa. Najua kuna vijana wanaongeza tu juu ya ile nyeusi. Ile nyeusi ina unga wa chuma cha injini yako mwenyewe.

Dada uliyeandika kwamba mume wako anaingia mkataba na umenitaka ushauri: soma karatasi kabla hajasaini, shemeji. Ulizeni mambo mawili. Pikipiki ikiharibika wiki nzima, hesabu ya wiki hiyo inaendelea kudaiwa au inasimama? Na matengenezo makubwa ya injini ni ya nani? Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa elfu nane kwa siku, na matengenezo yote yalikuwa yangu. Miezi miwili ya mwisho pikipiki ilikuwa imechoka kiasi kwamba nililipa bosi na kumlipa fundi karibu sawa. Nilimaliza, kadi nikapewa, lakini nyumbani tulikula dagaa mpaka watoto wakazoea.

Jambo la kofia ngumu sitalirefusha. Nenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, siku yoyote, ukamwangalie mgonjwa wa boda aliyevunjika paja na kijana wake aliyekaa kwenye benchi nje. Mishikaki ya watu watatu wanne siibebi tena, hata abiria aongeze hela. Wahandisi walifikiria mzigo, ila breki za ngoma za mbele zina kikomo chake, na mteremko wa Mbezi kwa Yusufu unakijua hicho kikomo.

Pikipiki za umeme nazo mmeniuliza. Zimeanza kuonekana mitaani, nimejaribu ya rafiki, inavuta vizuri na haina kelele wala oili ya kumwaga. Sina chuki nayo hata kidogo. Naiuliza maswali yaleyale. Betri ikizingua niko Chanika saa nne usiku, nani ataifungua? Ana kifaa gani? Kile kisanduku cha kuongoza mota kikilowa maji ya mtaro, kinatengenezeka au kinatupwa? Siku nitakapomkuta kijana amekaa kwenye boksi la jokofu pale Baruti, ameifungua moja, ana kopo la vipuri vyake pembeni, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni kununua.

Nimerudi, wakuu, kuhusu yule kijana wetu.

Leo mchana nimempeleka fundi wangu pale gereji ilipo pikipiki yake. Wale wa gereji walikuwa wanatafuta pistoni kwa jina la pikipiki, na jina lile hakuna duka linalolijua. Fundi wangu hakuuliza jina. Kaisafisha ile pistoni ya zamani kwa petroli kwenye kidumu kilichokatwa, akaiweka kwenye kaliba, akaisoma mara mbili. Milimita 56.5 kasoro kidogo, kwa kuwa imelika. Pini yake milimita 15. Akaiweka kiganjani, akamwonyesha kijana, akamwambia, "Hii ni CG. Imebadilishwa stika tu."

Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda wote watatu Kariakoo.